Posa ya Alum Rock na Picha ya Waziri Mkuu

Mombasa. Mpwa wangu Twaha alitaka kumuoa Nasra wa Birmingham, na posa lazima ipelekwe na mtu mzima. Wenye akili wote walinyimwa viza, nikabaki mimi. Shule niliachia darasa la sita, mdomo ukaendelea peke yake.

Uwanja wa ndege wa Birmingham nilipokewa na Mwanaisha, mamake Nasra. Ndani ya gari akanionya kuhusu babake mwenyewe, Babu Salim, mwenye neno la mwisho. "Kaka, yule ukimuuliza kama amekula, atakwambia suala linaangaliwa."

Alum Rock, mtaa wao wa Birmingham, Ijumaa baada ya swala. Sebuleni kulikuwa na picha ya mtu wa suti na nishani, anapeana mkono na mfalme. Nikambusu Babu mkono, nikaanza kumsifu: Mheshimiwa hivi, Mheshimiwa vile. Nilipomaliza, Babu akaniambia yule wa pichani ni bosi wake. Yeye alikuwa dereva. Mwanaisha alicheka mpaka chai ikamwagika.

Basi Babu akanieleza. Bosi alikuwa balozi wa nchi moja ya Kiarabu zamani zile, akahamishiwa ubalozi mwingine, akawa waziri wa mambo ya nje, akawa mkuu wa serikali, halafu balozi tena.

"Mzee, hao ni watu wangapi?"

"Mmoja."

"Sasa mwisho alipandishwa au alishushwa?"

"Ndiyo."

Nikazidi kupotea. Kumbe sifa ya bosi ubalozini ilikuwa kutosema ndiyo wala la. Alipopewa serikali nchini kwao, watu wakamjia mlangoni wanataka jibu, naye akawaambia litaangaliwa. Hakudumu. Nyumbani, alisema Babu, watu hawangoji kama wageni.

Nikaona nitoe posa kabla sijachanganyikiwa zaidi. Babu akanywa chai.

"Tumelipokea suala lako. Tutaliangalia."

Mimi narudi Mombasa Jumapili. Nasra yuko kwenye ngazi, vidole vya miguu vyaonekana. Mdomo ukanitangulia.

"Babu, huko ulikuwa ubalozini. Hapa serikali ni wewe."

Babu akaitazama picha, kisha akaita kuelekea ngazini.

"Nasra, wamtaka?"

"Yes, Babu. Namtaka, nilishakwambia."

"Basi ndiyo," akasema, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Mombasa tena. Jamaa wamejaa uani, nami nimejaribu kuwaeleza habari za yule bosi, mpaka sasa sijui alianza wapi akaishia wapi. Nililojifunza ni kwamba jibu la nyumbani halicheleweshwi, na nimelisema kwa sauti kubwa mbele ya wote.

Twaha akauliza harusi ni lini.

Nikamwambia suala linaangaliwa.