Jinsi ng'ombe asiye wake alivyomnyima mke wa Mzee Rono operesheni

Wakuu, chamgei, salamu kutoka Bureti.

Nimesoma uzi wa wiki jana ambapo wengi wenu mlikubaliana kwamba serikali inamwaga pesa nyingi kwa misaada, na kwamba wanaosaidiwa ni watu wa kukaa tu. Sikuchangia. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa naandika vibaya.

Sasa nimetulia kidogo. Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu, na pale nilipohusika mimi mwenyewe nitasema. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalivyotokea.

Nina cyber ndogo karibu na Kapkatet. Baba alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, mimi nikazaliwa hapa. Lakini kuna mila za wenyeji ambazo bado zinanipita. Kumbukeni hilo.

Kazi yangu kubwa siku hizi ni kuwajazia wazee fomu za serikali. Ya bima ya afya inakwenda hivi: unajibu maswali kuhusu nyumba yako, system inakadiria uwezo wako, kisha inakuambia utalipa kiasi gani. Tena unalipa mwaka mzima kwa mpigo.

Mzee Rono alikuja kwangu msimu wa mvua. Mke wake alikuwa ameteleza kwenye shamba la chai, kikapu mgongoni, akavunjika nyonga. Daktari alisema akifanyiwa operesheni atatembea, asipofanyiwa atabaki kitandani. Lakini kwanza bima ilipiwe.

Nikaanza kumuuliza maswali.

"Paa ya nyumba?"

"Mabati." Mabati hayo aliyanunua alipostaafu kutoka estate ya chai. Ndiyo kitu pekee alichotoka nacho huko.

"Ng'ombe?"

Akavua kofia. Kwenye benchi kulikuwa na watu watatu wakingoja zamu.

"Iko moja."

"Ni yako, mzee?"

"Iko kwa boma yangu."

"Simu inataka ndiyo ama hapana."

Akatazama benchi, akanirudia. "Weri, kijana wangu, andika yangu tuende."

Nikaandika. Kidole kilichobonyeza ni changu, wakuu. Sitakificha.

Jibu lilipokuja nikamgeuzia skrini. Aliifuata ile namba kwa kidole.

"Hii ni ya miaka ngapi?"

"Moja, mzee."

"Hii simu yako inafikiria mimi ni nani?"

Akavaa kofia, akaenda.

Wiki mbili baadaye akaja Mzee Langat. Huyu kila mtu anamjua. Ana shamba kubwa la chai na nyumba za kupangisha Kapsoit, zote zimeandikwa majina ya watoto. Yeye mwenyewe analala kwenye nyumba ya zamani ya mbao, anapikia kuni, na anapenda kusema ni mtu wa kawaida.

"Ng'ombe, mzee?"

"Kwangu? Kuja uangalie. Hata kwato hakuna."

System ikamweka kundi la chini kabisa. Alicheka mpaka akapiga meza yangu. "Umeona? Hata serikali inajua mimi ni maskini."

Nilimsimulia Mama Chebet, jirani yangu anayeuza vitambaa, kama kichekesho. Yeye hakucheka.

"Wewe umezaliwa hapa na hujui kimanagan?"

Ndipo akanifungua macho. Mtu mwenye mifugo mingi haiweki mahali pamoja. Anaitawanya kwa marafiki, moja kwa huyu, mbili kwa yule. Ugonjwa ukiingia boma moja, hauimalizi yote. Rafiki anakamua, watoto wanakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Na hutangazi ni wa nani. Ukitangaza, umemwanika rafiki yako kwa watu.

"Na yule wa Mzee Rono?" nikauliza.

"Wa Langat. Tangu watoto wa Rono wakiwa wadogo. Wale ni marafiki wa kutahiriwa pamoja."

Mnanielewa? Ng'ombe mmoja. Aliyemtunza akahesabiwa tajiri. Mwenyewe naye akahesabiwa maskini. Mzee Rono hakudanganya kwa tamaa. Alimfichia rafiki yake siri mbele ya benchi langu, na mke wake ndiye aliyelipia heshima hiyo.

Mwezi uliofuata kukawa na mkutano wa wananchi, public participation ya bajeti, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Maafisa watatu, hema moja, maji ya chupa kwa maafisa peke yao. Mmoja akaeleza kwamba pesa ni kidogo, kwa hivyo msaada wa bima utawafikia wale tu ambao system imethibitisha hawana uwezo.

Mzee Langat akasimama wa kwanza.

"Mimi naunga mkono. Serikali isilee watu. Mtu ana mabati, ana maziwa, halafu analia bima. Afanye kazi."

Watu wakapiga makofi. Nasema ukweli, walipiga makofi, pamoja na wengine ambao fomu zao nilijaza mimi.

Mzee Rono alikuwa safu ya nyuma. Aliinuka polepole, akatoka. Nilidhani ameenda nyumbani kumpa mkewe dawa.

Nikainua mkono. Bila kutaja jina la mtu, nikauliza: ng'ombe ninayemtunzia mwenzangu anahesabiwa wa nani?

Afisa akatabasamu. "Kama iko kwako na unakunywa maziwa yake, hiyo ni mali yako, bwana."

Watu wakacheka. Mikutano ya bajeti hupenda kucheka.

Tulikuwa tumefika mambo ya barabara Mzee Rono aliporudi. Alikuwa anavuta ng'ombe kwa kamba, ndama nyuma. Alipita katikati ya viti mpaka mbele ya Langat, akamwekea kamba mkononi.

"Ng'ombe yako, rafiki. Na mtoto yake. Asante kwa maziwa."

Hakuna aliyecheka. Jambo la namna hiyo hufanyika nyumbani, mkiwa wawili, mkishakunywa chai. Kulifanya mbele ya watu ni kumaliza urafiki. Langat aliishika ile kamba kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Mzee Rono akamgeukia afisa. "Sasa mimi sina ng'ombe. Niandike tena."

"Mzee, hiyo inafanywa online. Unaomba review, wakuangalie upya."

"Mama ya watoto wangu analala kitandani tangu mvua ianze."

"Naelewa, mzee. Lakini ni online."

Jioni hiyohiyo nilimjazia ombi bila kumtoza. Hadi ninapoandika hapa, jibu ni lile lile: ombi lako linashughulikiwa. La Langat halikuhitaji kushughulikiwa. Alipita mara moja.

Jumapili nilikwenda kumwona mgonjwa. Aliniambia niketi, akamtuma mzee jikoni. Nikaletewa strungi. Nyinyi wa huku mnajua aibu ya mgeni kupewa chai bila maziwa katika boma la Kipsigis. Mama akaomba msamaha, akiwa amelala. Aniombe msamaha mimi, niliyebonyeza ndiyo.

Sasa nyinyi mnaotaka msaada ukatwe, sikatai kwamba pesa za umma zinapotea. Lakini kabla ya kusema anasaidiwa nani, kaulizeni kwanza mizani hiyo inapima nini. Hii yetu imepima boma la mtu, ikamruka mtu mwenyewe. Na nimejifunza kwamba sisi tunaojaza hizi fomu si watu wa kubonyeza tu. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza swali moja zaidi, sikuuliza.

Juzi akaja mjane mmoja kutoka juu kule mlimani kujiandikisha. Tulipofika kwenye mifugo akashusha sauti.

"Iko moja na ndama. Nimeletewa tu wiki iliyopita, nitunze."

Niliondoa kidole kwenye simu. Nikawaomba watu wa benchi watoke nje kidogo, nikafunga mlango.

"Mama," nikamwambia, "ni ya nani?"

Wakuu, mngekuwa nyinyi mngemjazia ndiyo ama hapana? Wenye mawazo, hata ya kunipinga, andikeni hapa chini. Nayasoma yote.