Karatasi Niliyompa Fundi Nondo

Mama alitaka nisome sheria. Mimi nilitaka sayansi ya jamii. Tulibishana jikoni kwa miezi miwili, mpaka chuo kimoja cha kigeni chenye tawi Dubai kikatangaza masomo ya miaka mitano yenye shahada mbili kwa pamoja, sheria na sayansi ya jamii. Mama alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya mtaa wa Oud Metha, hapo hapo Dubai tulikoishi. Alilisoma tangazo lile akiwa bado na sare yake ya kazi, akaliweka mezani na kusema, "Khalas. Tusigombane tena."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi nilisoma sheria, tukifundishwa kuuliza kifungu kinasemaje. Mchana nilivuka uwanja kwenda jengo la pili, ambako tulifundishwa kuuliza kifungu hicho kimeandikwa na nani na kinamfaa nani. Wenzangu wa sheria waliniona mtu wa porojo, na wale wa jamii waliniona mtu wa vifungu. Nilijifariji kwamba ipo siku masomo yale yangekutana kichwani mwangu, nikaona mambo ambayo wengine hawayaoni. Mwaka wa nne ulifika yakiwa hayajakutana. Nilijua kujibu mitihani ya huku na ya kule, basi.

Mwaka huo, wakati wa likizo ya kiangazi, ilinipasa kukusanya habari za tasnifu yangu ya sayansi ya jamii. Nilichagua kuandika juu ya mafundi ujenzi Watanzania wenzetu na namna wanavyoisimulia kazi yao. Nikapanda teksi mpaka Muhaisnah, kwenye kambi za wafanyakazi, nikiwa na barua ya chuo mkononi. Getini mlinzi, Mkenya mrefu mwenye sauti ya upole, aliisoma barua mara mbili kisha akanirudishia.

"Madam, huku ndani ni wanaume watupu. Barua yako iko sawa, lakini nikikuingiza, ni mimi nitafutwa kazi."

"Sasa nitawapata wapi?"

"Watu wenu Ijumaa, siku yao ya mapumziko, huenda misa huko Oud Metha. Si uwangoje huko?"

Niliona haya. Kanisa hilo lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwetu, na mimi na mama tulisali hapo kila Ijumaa. Nilikuwa nimekaa nao benchi moja miaka yote hiyo bila kuwauliza hata wanatoka wapi.

Huko ndiko nilikompata yule niliyemwita mjomba. Hatukuwa na undugu. Nilimwita hivyo kwa umri wake. Alikuwa Mngoni wa Ruvuma, fundi nondo, kazi yake kufunga vyuma kabla zege halijamwagwa. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena, vilibaki vimejikunja kana kwamba bado vimeshika koleo. Kabla hatujaanza, nilimpa karatasi ya chuo aweke sahihi: nami niliahidi kutotaja jina lake popote, na kutoingilia maisha yake kwa namna yoyote. Aliisikiliza yote nilipomsomea, akacheka.

"Mwanangu, jina langu hata msimamizi halijui. Ananiita namba."

Tulizungumza Ijumaa tano, baada ya misa, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Alikuwa msimuliaji mzuri. Alinieleza jinsi nondo ya mwezi wa saba inavyochoma hata kupitia glavu, na jinsi mafundi wanavyoitemea mate kwanza kuona kama inashikika. Alinieleza juu ya Mgogo mmoja wa kikosi chao aliyejilaza chini saa saba mchana kama mtu anayepumzika, wakamwacha kidogo apumzike, na walipomwamsha hakuamka.

Niliandika. Mkono wangu ulikuwa mwepesi siku hiyo. Nilijua kwamba hiyo ndiyo itakuwa sura nzuri ya tasnifu yangu.

Kisha akaniuliza, "Na ile sheria unayosoma, yenyewe inasemaje?"

Muhula uliopita tulikuwa tumesoma sheria ya kazi, na nilikuwa nimefaulu vizuri. Nikasahau ile ahadi ya kutoingilia. Hapana, sikuisahau. Nilijivuna tu.

"Sheria ipo, mjomba. Kiangazi, saa za mchana hamtakiwi kufanya kazi juani. Ni agizo la waziri."

"Msimamizi wetu analijua?"

"Lazima analijua."

"Basi shida siyo kwamba hajui," akasema.

Nililiandika neno hilo na kulipigia mstari. Mle ndani ya sentensi moja mlikuwa na yote niliyokuwa nimefundishwa mchana kwa miaka minne, na limetoka kinywani mwa mtu aliyeishia darasa la saba. Bado wiki iliyofuata nilimletea lile agizo, kwa Kiarabu na Kiingereza, nikiwa nimepaka rangi ya njano mistari inayomhusu. Nikamwambia, "Wakibisha, waonyesheni karatasi hii." Aliikunja mara nne, akaitia katika kitabu chake cha nyimbo.

Ijumaa mbili hakuonekana kanisani. Ya tatu nikarudi Muhaisnah. Mlinzi ni yule yule. Safari hii alitoka nje ya kibanda chake, akanisogeza kando ya geti.

"Yule mzee walimkanseli viza," alisema. "Saa sita mchana alikaa kivulini na karatasi mkononi. Wenzake wakakaa pia. Msimamizi akapiga simu ofisini. Kesho yake wengine wote wakarudi kazini, yeye akakataa. Walimtoa hapa na nguo za kazi, moja kwa moja uwanja wa ndege. Hata hawakumwacha aoge."



"Walimuuliza sana nani alimpa karatasi," akaendelea. "Wakamwambia akitaja, watamwacha abaki. Akasema aliiokota." Akanitazama. "Madam, ni wewe?"

Niligeuka nikatafuta teksi. Njia nzima nilifikiri juu ya ile sahihi. Mimi ndiye niliyeahidi kulificha jina lake, na yeye, ambaye hakuahidi lolote, ndiye aliyelificha langu.

Chuo kilipofunguliwa nilimweleza mhadhiri wangu wa sheria. Alisema ushauri wangu ulikuwa sahihi, ila fundi alikosea utaratibu. Malalamiko yalipaswa kupelekwa wizarani. Nilivuka uwanja nikamweleza msimamizi wa tasnifu. Huyu alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema nimevunja maadili ya utafiti, kwa hiyo mahojiano yote ya mtu yule hayafai kutumika. Niyaondoe.

Niliyaondoa. Jioni moja, mezani kwa mama, nilifuta Ijumaa tano, ukurasa baada ya ukurasa: nondo, mate, Mgogo aliyelala. Tasnifu ikabaki na mafundi wengine sita niliowahoji, ikapewa alama ya juu.

Katika kanisa kulikuwa na mtu wa kwao Ruvuma aliyekuwa na namba ya simu ya nyumbani kwa mjomba. Ilinichukua miezi kupata ujasiri wa kupiga. Aliyepokea alikuwa msichana.

"Baba hayupo. Amevuka Msumbiji kutafuta kibarua. Nani mwenzangu?"

"Tulikuwa tunasali naye Dubai."

Nikasikia jogoo huko kwao.

"Ni wewe dada uliyempa karatasi?"

Nilikata simu. Nimejitetea mara nyingi kwamba salio liliisha. Halikuisha.

Mama nilimwambia baadaye sana. Alikuwa akikunja nguo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Na mimi nilidhani kwa shule hii nakutoa kwenye matatizo," akaendelea kukunja.

Nilihitimu mwaka ambao winchi za ujenzi zilikuwa zimesimama mji mzima na watu wanarudi makwao. Shahada zangu mbili nilizibeba katika bahasha moja kutoka ofisi hadi ofisi. Hatimaye kampuni moja ya ujenzi ikaniita kwa usaili. Bwana aliyenisaili alifurahi kuona nimesoma sheria, akafurahi zaidi kuona ninawajua wafanyakazi. Walikuwa wanapunguza watu, alieleza, na walihitaji mtu wa kukaa na Waafrika, kuwasomea karatasi za kuacha kazi kwa lugha yao, wakaelewa na kutia sahihi bila kelele.

"You can explain to them nicely," alisema. "They will trust you."

Nilijua alichokuwa ananiomba. Hapo ndipo masomo yangu mawili yalipokutana. Nilimwambia, "Yes, sir," na Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya wiki ya kazi huko, nikaanza. Nilikaa pale mwaka mmoja na nusu. Waliniita dada, na karibu wote walitia sahihi.