Marehemu Kwenye Orodha ya Marejeo

Naandika haya uso ukiwa bado unaniwaka. Mimi ni sekreteri wa profesa mmoja hapa Bujumbura, na kazi yangu ni kupanga marejeo ya makala zake: mwandishi, mwaka, kitabu, ukurasa. Nilijiona fundi kweli. Nilipofikia jina la mwalimu mmoja wa Kamenge, ambaye hatukumwona tena tangu watu waukimbie mtaa ule kwa vita, nikapiga “marehemu” mbele yake. Nilidhani ni heshima. Profesa aliniamini, akatuma makala bila kuisoma tena, na jarida likachapwa.

Juzi asubuhi mwanamume aliyekonda aliingia na jarida hilo, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho.

“Ni we uliandika jina yangu hivi?”

“Ni mi, papa.”

“Bibi yangu, mama ya watoto yangu, alisoma hii kule Gihosha, akafanya kilio siku tatu. Na mi niko Uvira, kule Congo, muzima.”

Profesa alitoka ofisini mwake, akamkumbatia huku akilia, kisha akanigeukia.

“Nani alikuambia amekufa?”

Mimi, bingwa wa kutaja chanzo cha kila neno, sikuwa na hata kimoja.