Mkuyu Uliosimama Mjini Ukaegemea Kijijini

Mkuyu wa shangazi yangu haukuwa wa shangazi yangu. Hilo nilifundishwa na ofisi mbili, miaka ya hamsini, nilipokuwa nachuuza chumvi na samaki wakavu sokoni Ifakara na kujiona naweza kupatana na mtu wa aina yoyote.

Mti ulisimama ukingoni mwa mtaro wa maji ya mvua, na mtaro ndio ulikuwa mpaka: huku mji, kule kijiji. Shina lilikuwa mjini. Nyumba ya shangazi, ya miti na udongo, ilikuwa kijijini, hatua chache tu kutoka hapo. Masika yaliyopita yalikula udongo, mizizi ikabaki nje, na mkuyu ukaanza kuinama taratibu, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Masika mengine yalikuwa njiani. Shangazi, mjane, alishahamishia kitanda uani, huku akiapa kwamba hajahama.

Nikaenda kwa karani wa mji. Sheria yao ilikuwa tamu kabisa: mti unaohatarisha nyumba unakatwa bure, tena na vibarua wa mji wenyewe.

"Nyumba iko wapi?" karani akauliza.

"Ng'ambo ya mtaro."

"Basi hiyo si nyumba." Akaona namtazama. "Ni nyumba, ndugu yangu, ila si ya kwetu. Mti wetu hauhatarishi kitu."

Nikavuka mtaro kwa jumbe. Kijijini kibali hakikuandikwa. Ulikwenda na kibuyu cha pombe, jumbe akaonja, akakubali, ukachukua shoka lako. Mimi nilikwenda na vibuyu viwili, maana kila kitu nakihesabu mara mbili. Alivimaliza vyote kabla ya kunieleza kwamba mti ulioota nje ya kijiji hana mamlaka nao.

"Ila ukiangukia huku," akaniliwaza, "kuni ni za kijiji."

"Na shangazi?"

"Shangazi naye ni wa kijiji."

Nilisikia kwamba kijiji cha Kisawasawa, kule chini ya milima, mti unaombwa kwa mwenye shamba na mambo yanaishia hapo. Nikafikiria kuihamishia nyumba huko.

Shangazi alinisikiliza huku akipepeta mchele. "Hao wa mjini wanataka nini hasa?"

"Nyumba iliyo upande wao."

"Si tuwape."

Kila msimu wa mpunga alijijengea dungu shambani, kile kibanda cha kukaa kufukuza ndege, kwa hiyo kazi haikuwa ngeni. Asubuhi tukavusha nguzo na nyasi. Kufikia adhuhuri kibanda kilisimama mjini, chini ya mkuyu, kikiwa na mkeka na mafiga, na shangazi ndani akipika ugali.

Karani akaja mbio. "Nani kakuruhusu kujenga hapa, mama?"

"Anza na shikamoo, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Hakuna aliyeniruhusu."

"Basi kinavunjwa. Huna kibali cha kujenga."

"Vunjeni. Nipakue kwanza."

Vibarua wakaitwa. Nyapara wao akaitazama ile mizizi, akaukagua mti mpaka juu, akaweka shoka chini. Kanuni za mji, alisema, haziruhusu kibarua kufanya kazi chini ya mti wa hatari.

"Bwana karani, nani aingie chini ya huu? Ukatwe kwanza, ndipo tuvunje."

"Lakini bwana karani anasema hauhatarishi kitu," nikamkumbusha nyapara, kwa upole wa muuza chumvi.

Karani alichomoa kalamu. Aliandika kibali palepale, karatasi ikiwa juu ya goti. Sababu ya kukata mti: kuwezesha kuvunjwa kwa kibanda kisicho na kibali. Juu ya nyumba ya shangazi hakuandika hata neno moja, na mimi sikumdai.

Shangazi alipotoka na ugali wake, waliufunga kamba, wakaukata huku wakiuvuta kuelekea mjini, ukaanguka huko kando ya kibanda kwa kishindo kilichomtoa jumbe kwake kuja kuulizia kuni. Kibanda kikavunjwa upesi. Shangazi akadai nyasi zake, akapewa.

Jioni ile tulirudisha kitanda ndani. Karani, akiwa bado anapima magogo yake, akamtaka shangazi aahidi mbele ya watu kwamba hatajenga tena mjini bila kibali. Shangazi akamjibu kwamba hilo litategemea mji utapanda nini pale, akaingia kwake, akafunga mlango.