Halua ya Bi Mwanakheir

Mwaka 1954 Mwalimu Mabrouk wa Ng'ambo, Unguja, alipelekwa Uingereza mwaka mzima kuongeza masomo ya ualimu. Bandarini mama yake, Bi Mwanakheir, akamtia mkononi kikapu kidogo cha ukili, ndani halua ya lozi kutoka kwa Matar, mpika halua.

"Hii si yako," alimwambia, maana alimjua mwanawe kwa kupenda tamu. "Nyumba ya kwanza itakayokukaribisha, wape. Na usinirejee nayo, ama n'tajua umeishi huko kama paka wa sokoni."

Mabrouk akacheka. Alidhani halua ile haitamaliza wiki.

Kumbe Waingereza wana mambo! Watamchekea, watamhadithia habari za mvua, kisha kila mtu kwake na mlango anafunga. Miezi ikapita, kikapu kiko juu ya kabati, na kila akikitazama roho inamnyong'onyea.

Baridi ilipopungua, chuo kikawachukua wanafunzi wageni kwa basi kwenda kuona miji ya kale: Jumamosi Salisbury, Jumapili Winchester. Mabrouk akatia kikapu mkobani, huwezi kujua. Salisbury walioneshwa kanisa lenye mnara mrefu mpaka shingo zikawauma. Mwenyeji wao aliwataja wafalme mmoja mmoja, na Mabrouk akawasahau mmoja mmoja. Winchester ilimpendeza zaidi, kwa kuta zake nene na vichochoro ambavyo ungedhani ukikata kona tu utatokea Mkunazini, kwao Unguja. Akawaachia wenzake wafalme wao, akajitembelea.

Katika kichochoro kimoja akakuta nyumba ya mawe, na kando ya mlango kuna benchi la mawe. Kwa mtoto wa Unguja hiyo ni baraza, na baraza haiombewi ruhusa. Akakaa.

Mlango ukafunguka, akatokeza bibi kizee.

"Unamsubiri mtu?"

"Hapana, bibi. Napumzika tu."

Bibi akamtazama, akarudi ndani, akafunga. Mabrouk anainuka kwa haya, mara mlango ukafunguka tena: bibi na sinia, chai ya maziwa isiyo hata iliki, na keki. Akaketi naye. Akamhadithia mumewe aliyekufa vitani, upweke wa nyumba, na mgongo unaomsumbua. Mabrouk akamhadithia karafuu na jua. Walicheka kama majirani. Mkono wa Mabrouk ulikuwa umeshaingia mkobani, ila alingoja neno moja tu: karibu ndani.

Neno halikuja. Bibi akamshukuru kwa mazungumzo, akachukua sinia lake, akaingia. Mabrouk akarudi kwenye basi na halua yake.

Mwaka ulipokwisha akarejea Unguja. Bi Mwanakheir alikiona kikapu kabla hajamwona mwanawe vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hicho?"

Mabrouk akamweleza yote, ya Winchester hakubakisha hata keki. "Hata huyo aliye mwema, mama, alinimalizia nje."

Bi Mwanakheir akakipokea kikapu. "Mumewe keshakufa?"

"Keshakufa."

"Ndani hamna mtu mwengine?"

"Hamna."

"Na weye mwanamme, hakujui wala hajui ukoo wako?"

"Naam."

"Basi akutie ndani kwa adabu gani? Mimi hapa, niko peke yangu, aje mwanamme nisiyemjua, ningemtia ndani?"

Mabrouk akatikisa kichwa.

"Mtu mzima, mgongo unamuuma, kakutolea chai barazani kakaa nawe! Ulitaka ukaribishwe vipi tena? Nyumba yake unaikumbuka?"

"Naikumbuka, mpaka namba ya mlango."

"Kesho asubuhi nenda kwa Matar, chukua halua mpya, ipeleke posta." Akakifungua kikapu, akaigonga ile halua ya mwaka mzima kwa ukucha. Ikalia kama ubao. Akamsogezea mwanawe.

"Na hii utaila weye. Yote."