Nilivyomfisha Didimoni kwa Koja la Asumini

Bora nikiri mwenyewe, maana najua baadhi yenu mmeshalisikia jambo hili vipande vipande na kila aliyewasimulia ametia chumvi yake: ni kweli, ni mimi Mwanaidi niliyemfisha mwalimu wangu mbele ya ukumbi mzima wa watu, mwenyewe akiwa njiani anakuja, mzima wa afya, kakaa kiti cha mbele kwenye gari la kaka yake. Mpaka leo nikipita kwenye maduka ya Wabengali hapa Johannesburg kuna wenye maduka wakiniona huuliza kwa adabu kabisa, "Dada, leo nani?" na mimi hujifanya sijasikia, nikanunua bizari yangu nikaondoka.

Mwalimu mwenyewe jina lake la cheti silitaji, sisi wote tulimwita Didimoni, ambalo kwa Kibengali ndivyo watoto wanavyomwita mwalimu wa kike, kama sisi tunavyosema Ticha. Nilijuana naye kwa ajili ya kibao. Mimi nauza sambusa na maandazi Doornfontein, karibu na chuo, na nilikuwa nimeandika kibao kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, sasa akapita bibi mmoja mwembamba, sari nyeupe, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, akasimama akakisoma kibao changu kama mtu anayesoma barua ya msiba. Akafungua mkoba wake, akatoa chaki (nani anatembea na chaki mkobani?), akafuta herufi mbili, akaweka tatu. Kisha akanunua sambusa mbili akaniambia, "Jumamosi saa nne, nyumbani kwangu, njoo na daftari."

Nikaenda. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na wanafunzi wenzangu walikuwa na miaka saba, watoto wa Kibengali waliokuja kujifunza lugha ya wazazi wao, na mimi kwenye kona yangu na Kiingereza changu, magoti yananigusa kidevu kwa udogo wa kile kiti. Hakunitoza hata senti. Na ile Mei ya 2008, fujo za kuwafukuza wageni zilipoanzia Alexandra zikasambaa na sisi wageni tukawa hatujui pa kulala, alinichukua nikakaa kwake siku tisa, na kila asubuhi ya zile siku tisa alinipa imla. Nilimwambia siwezi kuandika huku naogopa, akasema huo ndio hasa wakati wa kuandika. Kwa hiyo mnielewe, huyu bibi si mtu ambaye ningemfanyia mzaha.

Sasa, Wabengali wa hapa, wa upande wa Kolkata na wa upande wa Dhaka, Wahindu kwa Waislamu, mara moja kwa mwaka hukodi ukumbi wakawakumbuka walimu wao wa zamani, wale waliobadilisha mambo kwao. Picha zao huwekwa mbele. Majina sikuwahi kuyatamka sawasawa, lakini habari zao Didimoni alikuwa ametusimulia sana: yupo aliyeandika kitabu cha irabu ambacho watoto wao wanaanzia mpaka leo, na huyohuyo ndiye aliyepigania mjane aruhusiwe kuolewa tena, watu wakamtukana barabarani, yupo na mama wa Kiislamu aliyezunguka mlango hadi mlango kuwaomba wazazi wamwachie binti zao wasome. Mwaka huo, ilikuwa Septemba ya 2012, waliamua kumheshimu na Didimoni pia, maana alikuwa anastaafu baada ya miaka kumi na sita ya darasa lile la Jumamosi. Mimi nikajitolea kupamba ukumbi.

Katibu wao, Bwana Tapan, mtu wa haraka haraka, akaniletea picha sita kwenye fremu na makoja matano ya maua ya rangi ya chungwa. Akasema, "Haya yavishe picha, mimi nakimbilia chakula," akaondoka. Nikavisha. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya sita ilikuwa picha ya Didimoni, na haikuwa na ua.

Hapo ndipo nilipopotelea. Mtu mwenye akili angempigia simu Bwana Tapan. Mimi nikasema moyoni, huyu baba na haraka zake amehesabu vibaya, sasa mgeni wa heshima ndiye akae shingo tupu, hao wengine wamevaa? Na kwa bahati (bahati mbaya) nilikuwa nimekuja na mfuko mzima wa asumini. Ile ya huku, nyembamba, mgongo wake una wekundu kidogo, Septemba inamwagika kwenye kila uzio kule ninakoishi La Rochelle, nilikuwa nimeichuma asubuhi ili niitawanye mezani. Jamani, mimi mtoto wa Tanga. Kutunga asumini nimefundishwa na bibi yangu kabla ya kufundishwa kusoma, nimewatungia mabibi harusi sijui wangapi. Nikakaa chini nikatunga koja nene, jeupe, limeshuka mpaka chini ya fremu. Nikaona halitoshi. Nikaitoa picha pale mwisho nikaileta katikati, kwenye meza yake peke yake, nikatandika kitambaa cheupe. Nikaona bado. Nikachoma na udi.

Nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu, na nawaambia ukweli, machozi yalinilengalenga kwa jinsi ilivyopendeza.

Wa kwanza kufika alikuwa mke wa Bwana Tapan, tunamwita Mama Ruma. Aliingia akitabasamu, akatazama mbele, akasimama. Akaja kwangu polepole akanishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Lini?"

Nikamjibu, "Leo, saa nane." Si alikuwa anauliza sherehe inaanza lini?

"Leo? Yuko wapi sasa?"

"Bado yuko nyumbani. Kaka yake ndiye atakayemleta."

"Wanamleta hapa?" Macho yakamtoka.

"Ndiyo, si wote wanakuja kumwona?"

Mama Ruma akakaa kwenye kiti. Akaniuliza kama aliteseka, nikasema hapana, ni miguu tu, na ngazi zinamsumbua, lakini jana nilizungumza naye na alikuwa mchangamfu. Akasema, "Ndivyo inavyokuwa siku zote," akajifunika uso kwa ncha ya sari yake na kuanza kulia. Nikampigapiga mgongoni. Nikajisemea, watu hawa wanampenda mwalimu wao, mpaka raha.

Basi kila aliyeingia akawa anatazama ile meza ya katikati, anavua viatu, anainamisha kichwa. Wanaume wakatoka nje na simu zao. Namba ya nyumbani kwa Didimoni ikawa inaita bila kupokelewa, kwa kuwa walishatoka, na kaka yake ni mtu asiyegusa simu akiendesha gari. (Didimoni simu ya mkononi hakuwa nayo, alisema hataki kuitwa kama teksi.) Ilipofika saa nane na nusu ukumbi umejaa, hakuna anayecheka, akina mama wanalia, na mimi niliyeanza kwa kuwatuliza wenzangu nikajikuta nalia pia, kwa mapenzi tu na kwa kuwaona wenzangu wanalia, na bila shaka kilio changu ndicho kilichowathibitishia wote, maana mimi ndiye niliyekuwa na habari.

Akasimama Bikash. Bikash ni jitu la miraba minne, ana duka la vitambaa, utotoni alisomeshwa na Didimoni kwenye lile darasa la Jumamosi. Akaenda mbele, akafuta macho, akaanza kuzungumza kwa Kiingereza ili na sisi wengine tuelewe. Alikuwa mwalimu mkali, akasema. Alikuwa na moyo mkubwa. Alikuwa hajui kuchoka.

Kama kuna kitu Didimoni alinifundisha mpaka kikaniingia kwenye mifupa ni nyakati za vitenzi. Tulikaa nazo miezi miwili. Nikaanza kusikia kuna kitu hakikai sawa. Nikamwinamia Mama Ruma nikamnong'oneza, "Mbona kila kitu anasema alikuwa, alikuwa?"

Akanigeukia na macho mekundu. "Sasa marehemu umseme vipi?"

Nikamwambia, "Nani marehemu?" Akanionyesha kwa kidole ile picha ya katikati, na asumini yangu, na udi wangu, ambao ulikuwa unafuka vizuri sana. Sikuelewa ni kwa nini, lakini nilielewa kuwa ni mimi. Nikataka kusimama nikapiga kelele. Na Bikash huko mbele anaendelea, "Alinivumilia kwenye darasa lake kwa miaka minne..."

"Mitano," ikasema sauti mlangoni. "Kitabu cha kwanza ulikirudia."

Ukumbi wote ukageuka. Didimoni alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi, anahema kwa ajili ya zile ngazi, kaka yake nyuma yake. Mama mmoja akaanguka kweli, akadakwa na mumewe. Bikash akakaa chini kwenye sakafu, pale pale alipokuwa, kama mtoto. Na Bwana Tapan, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameingia na masufuria ya wali kwa mlango wa nyuma, akaitazama ile meza, akaweka sufuria chini na kuuliza, bila hata kupandisha sauti, "Nani amefanya hivi?"

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hilo, sitawadanganya. Lakini watu wote walishanitazama, nikasimama nikasema, "Mimi."

Ndipo nikaelezwa, na kaka mtu ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya upole iliyonichoma kuliko matusi, kwamba kwao picha ya mtu huvishwa koja akishakufa. Aliye hai huvishwa yeye mwenyewe, shingoni. Wale watano walivishwa kwa kuwa walishatangulia zamani. Ya sita iliachwa kwa makusudi.

"Na kwenu je?" Didimoni akauliza. Alikuwa ameshafika mbele, anaikagua ile meza kupitia miwani yake, kama alivyokagua kibao changu. "Haya maua meupe, kwenu ni ya nini?"

Nikajibu kweli, maana Didimoni huwezi kumdanganya. "Kwetu asumini ni ya bibi harusi."

Nilidhani nimejiokoa. Kumbe nimezidi kuharibu, Mama Ruma akanivuta nguo nikae. Sari nyeupe, jamani. Miaka yote ile namwona na sari nyeupe, nikidhani ni mtu apendaye usafi. Didimoni alifiwa na mumewe akiwa na miaka ishirini na sita, na kwa watu wa kwao, wa kizazi chake, mjane havai rangi, havai maua, na harusi hatajwi nayo hata kwa utani. Na mimi, baada ya kumuua, nimemwoza.

Didimoni akaligusa lile koja, akalivua kwenye fremu taratibu lisikatike. Akatazama zile picha tano, akasimama sana kwenye ile ya yule mzee wa kitabu cha irabu.

"Huyu alitukanwa kwa ajili yetu wajane," akasema. "Kila mwaka tunakuja hapa tunamvisha maua yeye. Mimi nina miaka arobaini na tatu ya ujane, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunipa ua."

Akajivika koja shingoni mwenyewe. Likamfika mpaka kiunoni, maana fremu ilikuwa pana kuliko yeye. Kaka yake akatazama chini, na nadhani alikuwa analia. Kisha Didimoni akavuta kiti cha mbele, akakaa, akaegemeza fimbo yake.

"Bikash, simama umalizie. Ulikuwa umefika kwenye moyo wangu mkubwa."

Na Bikash akamalizia, safari hii kwa wakati uliopo.

Msidhani mambo yaliishia kwenye makofi. Habari zilikuwa zimeshafika Kolkata kwa dada yake Didimoni, na Didimoni alipopewa simu ya Bikash ampigie, dada mtu aliposikia sauti alikata, akapigiwa tena akakata, mara tatu, na ya nne akapokea akaanza kumsomea dua za kufukuza mizuka. Bwana Tapan alikaa wiki nzima akiwapigia watu simu kukanusha. Mimi nilibaki kuosha masufuria, na sikutazamana na mtu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda darasani, na darasa lenyewe lilikuwa la mwisho mwisho, nikiwa na hofu. Didimoni hakunigombeza. Alinipa kazi: niandike insha kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, nieleze yaliyotokea. Nikaandika kwa moyo wote, nikaeleza jinsi foleni ilivyowashika kwenye robot, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku, ikiwaka nyekundu hawajasogea, na kwa hiyo sisi tukawa ukumbini tunamsubiri mwalimu wangu mpendwa aliyechelewa. Akaisoma, akafika pale, akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe Kiingereza, lugha ile ya mashaka, kina neno moja, late, kwa aliyechelewa na kwa marehemu, na ukiliweka upande usiofaa wa mtu basi umeshamzika. Nilikuwa nimeliweka upande huo. Akalizungushia duara jekundu, akanipa sita juu ya kumi.

Sasa hivi mimi ni mtu wa kuuliza. Nikitaka kumpa mtu ua, nauliza. Nikitaka kumwandikia neno zuri, nauliza mara mbili. Watu wanadhani ni unyenyekevu.