Umeme Uliobaki Juu ya Bati

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wetu pale Makambako hakunipa kifaa chochote. Alinionyesha ngazi iliyoegemezwa ukutani mwa duka, akaniambia nipande juu ya bati nikae mpaka atakaponiita. Nilikaa karibu saa nzima, nimevaa suruali ya kaka yangu, nikitazama malori yakikata kona kuelekea Njombe na mabehewa ya mbao yakisubiri stesheni. Aliponishusha akaniuliza, "Umeona nini huko juu?" Nikamtajia malori, treni, hata kanisa. "Mimi nilitaka uniambie bati lipi limeoza," akasema. "Ulikuwa umelikalia."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi wa sola, na nikaufanya mpaka nywele zikawa nyeupe.

Enzi zile nyumba moja ilikuwa na paneli moja, kile kioo cha kunasa jua, ndogo tu, ya kuwasha taa mbili na redio. Mtu akitaka kubadilisha bati, tulipanda, tukafungua skrubu mbili, tukashuka na paneli kwapani. Ukigusa waya, huhisi kitu. Nadhani mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza baadaye. Paneli zilipoongezeka zikafika kumi juu ya paa moja, zimeunganishwa mfululizo, na nguvu ya kila moja ikijumlishwa na ya mwenzake, mikono yangu iliendelea kuamini kwamba bado nashughulika na ile ya redio.

Nilihamishiwa tawi la Njombe nikiwa fundi kamili. Huko ndiko tulikopewa kazi kwa Mwalimu Mgaya, mwalimu mstaafu ambaye bati zake zilikuwa zinavuja. Mpango ulikuwa kwamba fundi bati aanze na upande wa nyuma wa paa, usio na paneli, na kesho yake mimi nishushe paneli za upande wa mbele. Fundi bati huyo alikuwa Lutengano, Mkinga kwa kabila, baba wa watoto watatu, mtu wa kuimba huku anapiga misumari.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka getini huoni mlango. Niliingia sebuleni, nikazima inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa sola uwe kama wa nguzo, kisha nikashusha swichi kuu. Taa zikafa. Nikatoka nje nikamwambia Lutengano, "Fundi, umeme umezimwa. Fanya kazi yako."

Maneno hayo nayakumbuka neno kwa neno.

Ilipofika kama saa nne ukungu ukaondoka na jua likawaka vizuri. Ndani, mke wa Mwalimu alikuwa na akina mama wenzake wa usharika wakifanya mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa uani nikipanga vifaa vya kesho. Lutengano alikuwa amefungua bati tatu, akakuta bomba la plastiki lililopitisha waya za paneli kutoka upande wa mbele kwenda chini. Lilimzuia kupitisha ubao wake. Kwa kuwa aliambiwa umeme umezimwa, alichukua mkasi wa bati akalikata, waya zote mbili kwa pamoja.

Nilisikia mlio kama wa nyuki waliochokozwa, halafu ukelele. Nikatazama juu. Moto mweupe, wenye ubuluu, ulikuwa unawaka kati ya ncha mbili za waya, na haukuzimika. Mkasi ulikuwa umemtoka mkononi. Yeye mwenyewe alikuwa amekumbatia kenchi, zile mbao zinazobeba paa, miguu inaning'inia kuelekea darini, na huko darini Mwalimu alikuwa amehifadhi magunzi makavu ya mahindi. Cheche zilikuwa zinaangukia humo humo.

Nilikimbia ndani. Nikaikuta swichi iko chini kama nilivyoiacha. Nikaipandisha, nikaishusha tena, kama mwendawazimu. Mlio ulikuwa unaendelea. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimezima nyumba. Paa sikulizima. Paneli zilikuwa zinaliona jua, na zikiliona jua zinatoa umeme, uwe umezima swichi au hukuzima.

Mama mmoja alikuwa ameshainua ndoo ya maji. "Usimwage, mama! Usimwage!" nilipiga kelele. "Nileteeni mablanketi! Yote!"

"Mablanketi ya nini?" mke wa Mwalimu akauliza.

"Ya kufunika paneli! Haraka, mama yangu!"

Kwa baridi ya Njombe hakuna nyumba isiyo na mablanketi mazito. Wale akina mama wakaingia vyumbani, wakavua vitanda, wakajipanga kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi ya mbele, wakawa wanapokezana. Mimi nilikuwa juu nikiyatandaza. La kwanza, la pili. Kule nyuma mlio ulikuwa bado. Nilikuwa nasali kwa Kibena bila kujijua. Nilipofunika paneli ya sita, mlio ukafifia. Ya saba, ukakatika kabisa.

"Lutengano!" nikaita.

Nikatambaa hadi kilele cha paa.

"Lutengano!"

"Nipo," akajibu kwa sauti ndogo. "Naomba mtu anishushe."

Nilimalizia kufunika zilizobaki. Mwalimu na jirani yake wakamshusha Lutengano, na magunzi yaliyokuwa yameanza kufuka tukayamwagia maji. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeungua na nyusi zimebabuka. Alikuwa anapumua na anaongea. Niliketi chini kwenye majani.

Fundi Mkuu alifika kutoka Makambako mchana. Hakupaza sauti.

"Nani alimwambia paa ni salama?"

"Mimi, mzee."

"Ulipima?"

"Nilizima swichi."

"Sikukuuliza swichi. Ulipima juu?"

"Hapana."

Akazitazama zile paneli zilizofunikwa mablanketi. Nilijua ananifukuza. Badala yake akasema, "Nenda hospitali. Kamwambie yeye kama ulivyoniambia mimi. Ukirudi tutashusha hizo paneli pamoja."

Nilimkuta Lutengano kitandani, mkono umefungwa bandeji, mkewe pembeni. Nilisalimia, "Kamwene." Wakaitika. Nikashindwa kukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama: kwamba kosa ni langu, kwamba nilimwambia umeme umezimwa bila kupima.

Alinitazama. "Kumbe si mimi niliyeharibu?"

"Si wewe. Ulifanya ulichoambiwa."

Akafumba macho, machozi yakamtoka. "Tangu nishuke nawaza nimechoma nyumba ya Mwalimu kwa ujinga wangu," akasema. Mkewe akamshika bega. Halafu akanigeukia mimi, akaniambia, "Kaa basi, dada. Umesimama mno." Mkono ulipona, na akarudi kwenye bati.

Jioni ile ile Fundi Mkuu alinifundisha utaratibu ambao niliufuata miaka yote iliyobaki. Kwanza unazima vyombo vyote vya ndani, ili waya usiwe na mzigo. Unafuata inveta, kisha swichi ya paneli zenyewe. Unapanda na turubai jeusi, unafunika. Unapima kwa mita kama kuna mkondo unaopita. Ndipo unafungua konekta, vile vishikizo vinavyounganisha waya wa paneli na paneli, moja baada ya nyingine, na kila ncha unaivalisha utepe. Konekta haivutwi umeme ukiwa unapita, hata kama mwenye nyumba ana haraka. Na hakuna fundi mwingine anayepanda mpaka uliyepima useme kwa mdomo wako, "Nimepima."

Nilipopandishwa kuwa Msimamizi wa Usalama, niliubeba utaratibu huo hadi Makete. Kule Ipelele mzee mmoja alinicheka aliponiona nafunika paneli kwenye ukungu. "Mama, jua lenyewe liko wapi?" Nikamwita aje aisome mita kwenye paneli niliyokuwa sijaifunika. Namba zilipopanda, akavua kofia, akaenda kuwatoa wajukuu wake uani.

Wengi huniuliza kama naikumbuka kazi. Nakumbuka watu. Ile hofu ya kusubiri simu kila mafundi wangu wanapokuwa juu, hiyo siitamani. Kwa muda mrefu sikunywa chai mpaka wa mwisho anipigie kusema ameshuka.

Siku ya kustaafu, Meneja wa Tawi alinipa fomu ya kukabidhi ofisi. Nilijaza viatu, glavu, mita mbili, funguo. Karibu na mwisho kulikuwa na mstari unaouliza vifo vya kazini chini ya usimamizi wangu. Ungeweza kuweka kistari tu, wengi ndivyo wanavyofanya. Mimi niliandika kwa herufi kubwa: HAKUNA.

Meneja akanyoosha mkono kuichukua ile fomu. Nikamwomba anipe dakika moja, niisome tena.